Vibao Viwili Chini ya Friji

Mimi ni seremala, na ugonjwa wa seremala ni kuuona mlango wa mtu mwingine ukiwa na kasoro na kushindwa kunyamaza. Laiti siku ile ningenyamaza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Zahanati ya misheni pale Ndama ilikuwa na friji moja ya mafuta ya taa, nyeupe, ndefu kuliko mimi, na chini yake utambi uliwaka mchana na usiku. Moto chini, baridi juu. Wazee waliichungulia wakaguna. Humo ndani dresa wetu, mtibabu wa zahanati, mtu wa Muleba, alitunza dawa ya kuchanjia ndui katika vichupa vyembamba kama unyasi. Alituambia kila Jumapili baada ya ibada kwamba dawa hiyo ikipata joto siku chache tu, inakufa. Tulimsikiliza, maana ndui ilikuwa imesikika ng'ambo ya mto. Na mimi nilikuwa na mtoto mmoja, wa kike, wa miaka mitano. Mama yake alikuwa ameshazika wawili kabla yake. Neno ndui likitajwa, nilimwita aje karibu.

Sasa mlango wa friji ile haukujifunga. Ukiuachia unabaki wazi upana wa kiganja, na dresa, akiwa na foleni nje na mtoto anayelia mapajani, anasahau. Akawa anaufunga kwa kamba ya mgomba. Nilikwenda pale kutengeneza benchi, nikaiona kamba, nikacheka kwa dharau. Nikamwambia mlango ni kazi yangu, aniachie.

Huku kwetu mlango hautundikwi wima kabisa. Fremu unailaza nyuma kidogo, ili mlango ukiuachia urudi wenyewe, kwa sababu mbuzi na kuku hawapigi hodi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na nyumba zote nilizojenga milango yake inajirudi. Nikapiga magoti kutazama miguu ya friji. Sakafu ya chumba kile iliinamia ukuta wa nyuma ya friji, ili maji ya kupigia deki yatoke kwenye tundu, na chini ya miguu ya nyuma palikuwa na vibao viwili. Nikajua ni kazi ya bruda, yule Mzungu fundi wa misheni aliyekuja kuisimamisha. Nikasema moyoni, Mzungu naye! Ameinua mgongo wa kitu, halafu anashangaa mlango haurudi. Pimamaji, ya kupimia usawa, ilikuwamo mfukoni mwangu. Sikuitoa. Ya nini, na jicho langu limeshaona?

Nikainua, dresa akachomoa vibao, friji ikaegemea nyuma kidogo. Nikaufungua mlango nikauachia. Ukarudi polepole, ukagusa, ukatulia. Dresa aliufungua na kuuachia tena na tena, anacheka. Nilipokuwa nakusanya vyombo vyangu akaniambia, "Kwa kazi hii, mtoto wako ndiye atakayetangulia kuchanjwa." Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia, watu wanipishe.

Utambi uliendelea kuwaka na mlango uliendelea kujifunga. Kipimajoto cha friji kilikuwa kimevunjika tangu Kwaresma, kwa hiyo dresa alipima kwa mkono, na asubuhi za Karagwe, kwa ukungu ule, hata jiwe la njiani ni la baridi. Hakuna aliyeona kitu.

Wiki mbili baadaye wakachanja. Binti yangu alisimama mbele ya mstari wote, amevaa gauni la kanisani, akanyoosha mkono, kisha akanigeukia mimi baba yake. "Tata, umeona? Sikulia." Nyuma yetu alikuwa jirani yangu na kijana wake mdogo, akinitania kwamba siku hizi maseremala wanawatangulia hata makatekista. Nilicheka sana siku hiyo.

Chanjo ikishika, kufikia siku ya nane mkono unavimba na kutunga usaha. Wa kwake haukuvimba. Mama yangu mzazi akanung'unika kwamba chanjo isiyouma haijaingia, nimrudishe mtoto kwa dresa. Nikamjibu vibaya. Nikasema damu ya mwanangu ni kali, na ashukuru kwamba mtoto hakupata homa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Ndui ilivuka mto, ikamkuta. Sitazisimulia siku zile zote. Nasema tu kwamba mwishoni hakuweza kulalia upande wowote, mama yake akamtandikia majani mabichi ya mgomba, na maji aliyaomba kwa sauti ambayo haikuwa yake. Tulimzika kibanjani, kwenye migomba yetu, sisi watatu, mimi, mke wangu na mama yangu, kwa sababu watu waliogopa kuja. Nilimlaumu Mungu kwa sauti. Nililaumu dawa. Nililaumu damu ya ukoo wa mke wangu, na nilisema hivyo mbele yake.

Siku ya tano baada ya kuzika nilikwenda zahanati kumgombeza dresa. Nikamkuta bruda amefika kwa pikipiki, ameweka pimamaji juu ya friji, na kipovu kimekimbilia mbele kabisa. Alikuwa anauliza nani ameondoa vibao. Dresa akanitazama, akatazama chini, akasema hajui. Bruda akatugeukia sote wawili.

"Friji hii lazima isimame sawa," alisema. "Ikilala, moto unawaka, lakini baridi haitoki. Dawa hii imekufa zamani."

Nilitamani dresa anitaje. Angenitaja, ningepata mtu wa kupigana naye. Lakini alikuwa anajua nimetoka kuzika, akanisitiri, na mimi nikaondoka.

Nilimweleza mke wangu nikiwa nimesimama mlangoni pa jiko. Nilimweleza yote, vibao, pimamaji iliyobaki mfukoni, na alivyosema bruda. Nilitaka anirushie chungu. Alikuwa anamenya ndizi; akaweka kisu chini.

"Waliokuwa nyuma yake kwenye mstari," akauliza, "walikuwa wangapi?"

Sikuwa nimewafikiria. Naapa, sikuwa nimemfikiria hata mmoja.

Nikatoka kwenda kuwaambia, nikaanzia kwa jirani. Nilibisha hodi, sikuitikiwa, nikazunguka nyuma ya nyumba. Alikuwa kwenye migomba, amesimama ndani ya shimo lililomfika magotini. Akaegemeza jembe, akanipa pole ya mwanangu, akaniomba radhi kwamba hakuweza kuja kuzika. Nikafungua kinywa ili nimwambie, naye akawahi.

"Ndugu yangu, nipigilie sanduku. Sitaki mwanangu azikwe kwenye mkeka."

Nikamwuliza urefu.