Safu Iliyoandikwa "Imetumwa"

Kila siku, akishatuma namba za kina cha maji kwa redio ya mawasiliano na kujibiwa "nimepokea," shangazi hakuizima papo hapo. Aliweka mkono mezani, akatega sikio kwenye mkwaruzo wa redio kama mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango, huku midomo ikihesabu. Alipofika kumi ndipo alipozima. Kisha alichukua kalamu akaweka tiki.

Binti wa kaka yake aliiona tabia hiyo tangu siku ya kwanza ya likizo, ila hakuuliza. Alikuwa mtu wa kumeza maneno. Alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, na tasnifu yake ilibeba swali moja: kwa nini nchi hutii mikataba na nchi nyingine, ilhali hakuna polisi wa kuzikamata? Alikuja kwa shangazi kwa sababu mto ule ulikuwa na mkataba wake. Nchi ya juu mtoni, ambayo ndiyo yao, iliahidi kuijulisha nchi ya chini kina cha maji mara tatu kwa siku, na maji yakipita mita tano, iijulishe bila kuchelewa.

Kituo kilikuwa chumba kimoja ukingoni: meza mbili, redio, jiko la mafuta la kuchemshia chai, na daftari kubwa lenye safu nne. Tarehe, saa, kina, na ya mwisho imeandikwa "Imetumwa." Ngazi ya saruji ilishuka hadi kwenye nguzo yenye namba iliyosimikwa majini. Shangazi alikuwa ameishuka na kuipanda kwa miaka ishirini na sita, na watu walimwita Mama Sentimita. "Ukimuuliza hali," walimtania, "anakwambia imepanda nukta mbili."

Wiki ya pili mvua ilinyesha siku nne bila kupumua. Asubuhi ya siku ya tano binti alimpa shangazi sura ya tasnifu aliyoimaliza kuandika, akijivunia kimyakimya. Mfano wake mkubwa ulikuwa mafuriko ya miaka kumi na moja iliyopita. Tume ya nchi mbili ilichunguza, ikalikagua daftari la kituo hiki, ikaandika kwamba nchi ya juu ilitimiza wajibu wake kikamilifu.

Shangazi alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kwenye neno "kikamilifu" kidole kikasimama.

"Hii ifute, mwanangu."

"Lakini shangazi, ndivyo ripoti inavyosema."

"Ripoti ilisoma tiki."

Akamweleza bila kupandisha sauti. Enzi hizo waliweka tiki zote tatu asubuhi, kabla ya kutuma chochote, ili baadaye wasilichafue daftari kwa mikono iliyolowa. Hakuna aliyeona ubaya, maana ujumbe ulitumwa kila siku. Siku ile nchi mbili zilikuwa zimenuniana juu ya mpaka. Saa sita mchana simu ilipigwa kutoka kwa wakubwa: msitume, subirini maelekezo. Nguzo ilisoma mita tano na nusu. Tiki ilikuwa imeshakaa.

"Nikasubiri. Redio ikaita mara mbili. 'Kituo cha juu, mpo?' Nikakaa na mikono mapajani, namsikia."

"Nani?"

"Mpokeaji wa kule. Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa 'nimepokea' yake, na kikohozi kidogo mwishoni. Walikufa watu kumi na tisa. Ishirini ukimhesabu yeye. Daftari lao lilikwenda na maji, likabaki la kwetu."

"Na tume ilipokuja?"

"Waliniuliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema ndiyo. Hawakuuliza jingine." Aliitazama redio. "Siku hizi anapokea mwanamke, hana kikohozi. Lakini akishamaliza, siku nyingine nakisikia."

Binti alianza kukusanya karatasi zake.

Saa tano shangazi alipanda kutoka kwenye nguzo akiwa ameloa hadi kiunoni. Mita tano nukta moja, na ilikuwa inapanda. Kabla hajaigusa redio, mkuu wa kituo aliingia, simu mkononi. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi.

"Mama, redio tuiache kwanza. Wakubwa wetu na wa kule chini hawaelewani tena. Wetu wamesema tusubiri maelekezo."

"Wamesema kwa maandishi?"

"Mama Sentimita, nani ataandika kitu kama hicho?"

"Basi na mimi sijakisoma."

"Usinitafutie balaa. Mwenzio nina mkataba wa mwaka mmoja."

"Na hawa wa chini tuna nao wa miaka arobaini."

Mkuu alikuna shingo. Alimtazama binti, akaitazama redio, akavaa tena koti la mvua. "Naenda kuangalia nguzo," akasema.

"Si nimetoka kuisoma sasa hivi?"

"Naenda kuiangalia tena," akasema, akashuka ngazi bila kugeuka nyuma.

Shangazi alibonyeza kitufe. "Kituo cha chini, mita tano nukta moja, inapanda. Narudia, mita tano nukta moja, inapanda."

Mkwaruzo mtupu. Akarudia. Mkwaruzo. Binti akajikuta ameushika mkono wake bila kuombwa. Wakaita mara ya tatu, na shangazi akafumba macho kama mtu anayejua atakachosikia.

"Nimepokea, mama," ilisema sauti ya mwanamke, ikihema. "Tulikuwa nje tunafunga majenereta yasisombwe. Tunahamisha watu sasa hivi."

Shangazi aliandika saa, akaandika kina, ndipo akaweka tiki.

Mkuu alirudi na viatu vilivyojaa maji. Aliinama juu ya daftari, akaisoma safu ya mwisho, akajimiminia chai. "Simu italia," akasema.

"Ilie. Nitaipokea mimi."

Mvua iliendelea kupiga bati. Binti aliona asipouliza leo hatauliza tena.

"Shangazi, hivi nchi inatii kwa nini?"

"Mambo ya nchi siyajui, mwanangu. Mimi nimetuma kwa sababu siku ile sikutuma."