Radhi Niliyomnyima Jirani wa Tandika

Jumatatu asubuhi nililetewa habari kwamba jirani yangu wa Tandika, tuliyepakana naye ukuta, amefariki. Nikasema Inna lillahi, ndivyo nilivyolelewa, kisha nikaendelea kuchambua mchele. Mnaonisoma mnanijua: mie shule niliishia la tatu, lakini jina la mtu halinitoki. La marehemu siliandiki. Alipenda mno kutajwa.

Miaka minne nyuma, yeye mzima, kulikuwa na hitima kwake, tumekaa uani tunakuna nazi. Mjukuu wangu wakati huo ana miaka minne, ndiyo kwanza ameonekana ana saratani ya damu. Binti yangu alimpata baada ya kuhangaika miaka tisa, mimba akapandikiziwa hospitalini. Siri hiyo nilimpa marehemu mwenyewe, kwa ulimi wangu huu. Binti akapita na ndoo ya maji, marehemu akainua uso kwenye mbuzi ya nazi. "Mtoto katengenezwa kwenye chupa, shoga, damu yake ingeshikaje? Mungu hashindwi akili." Wakacheka. Binti akatua ndoo, akaondoka.

Wiki mbili hakumpeleka mtoto kwenye dawa. Kila nikimsihi, jibu lake moja, kwamba ni adhabu, yeye ndiye aliyemtafutia mwanawe maradhi. Mwisho nilimbeba mtoto mgongoni mwenyewe. Daktari, kijana mpole, aliniamkia kwanza, ndipo akanieleza kuwa wapo wataalamu waliouona uhusiano mdogo wa mimba za kupandikizwa na baadhi ya saratani, wapo wasiouona, na kwa mtoto mmoja kama huyu hakuna awezaye kusema. "Ila bibi, hizi wiki mbili nazijua. Hizi zimemuumiza." Marehemu alisikia nusu ya neno mahali, akaliuza zima. Asiyejua na anyamaze. Ajuaye nusu na anyamaze zaidi.

Mtoto alipona, yuko darasa la pili. Siku ya maziko, kabla jeneza halijatoka, kaka wa marehemu alisimama mlangoni akatuomba wanawake tumwie radhi dada yake. Binti yangu akajibu wa kwanza, kwa sauti, "Nimemwia radhi." Akanifinya paja. Nikausogeza mguu. Radhi yake ni yake, ametoa. Yangu nimebaki nayo, na nitazikwa nayo.

Waliocheka uani siku ile walikuwa saba, na wote wazima. Wakisoma hapa wajue majina yao ninayo, moja moja. La saba ni langu.