Chokaa ya Kaburi la Muzungu

Sisi tuliokulia milimani Kivu, Jumamosi yetu haikuwa ya mpira wala ya kuruka kamba. Ilikuwa ya kaburi. Koko, mama mzaa mama yangu, alitunyang'anya blanketi asubuhi na mapema, akatukabidhi ndoo ya chokaa, jembe na fagio, tukapanda hadi pembeni mwa shamba la kahawa alikolala baba yake, Mbelgiji.

Habari zake tulizijua kuliko sala. Alikuja kijana, na mbwa wawili na sanduku la dawa za malaria. Akapewa kilima kizima, utadhani hakikuwa na wenyewe, na wenyewe wakageuka wachumaji wake. Alijenga nyumba ya matofali yenye dohani. Kila alfajiri kapita, msimamizi wake, aligonga kipande cha reli, na aliyechelewa alionja fimbo. Mama yake Koko alikuwa mmoja wa wachumaji hao. Koko alipozaliwa na rangi ile, Muzungu hakumkana, lakini hakumwandika popote kama mtoto wake. Jumapili alimruhusu aje mlango wa jikoni, apokee mkebe wa sardini, arudi kwao. Mpaka homa inamuua yule mzee, Koko alimwita Bwana, kama wafanyakazi wote. Kaburini tu ndipo alipomwita Papa.

"Fagieni muzuri!" alitufokea. "Huyu ni papa yangu!"

Tulinuna, jamani! Chokaa ilituchoma vidole, na watoto wa jirani walipita wakiimba, "Wajukuu wa kaburi! Wajukuu wa kaburi!" Nikiacha unyasi mmoja tu, nilichapwa. Lakini tukimaliza, Koko alitupikia viazi vitamu na maharagwe yenye mawese, na maua ya kahawa yakinukia kilima kizima tulisahau yote. Leo binti yangu, mzaliwa wa hapa Durban, nikimwambia afagie nywele saluni, anavuta pumzi: "Eish, mama!" Utafikiri nimempa mlima alime.

Koko alipougua, alinishika mkono. Akataka mambo mawili: alazwe kando ya Papa, na nyasi zisiwameze. Nikaahidi. Tulimzika pale pale. Kisha vita vikatutawanya, mimi nikaishia huku kusuka nywele za watu, lakini ahadi sikuiacha. Kila Pasaka nilimtumia binamu yangu Furaha pesa ya chokaa, hata mwaka ule mwenye nyumba alipotishia kunitupia vyombo nje. Furaha alinitumia picha, makaburi mawili meupe juu ya kilima, yakionekana tangu barabarani. Niliwaonyesha wateja wangu kwa maringo. Mjinga mimi!

Mwezi uliopita, nikiwa na kichwa cha mteja mikononi, simu iliingia. Alikuwa Furaha.

"Dada, wameyachimba. Yote mbili. Walisema iko mali mule. Ati kaburi gani inapakwa chokaa miaka yote na haina kitu ndani?"

Walivunja la Muzungu kwanza. Walipokosa, wakahamia kwa Koko. Mifupa Furaha aliiokota katikati ya mibuni, akaitia kwenye gunia moja, maana hakuweza kujua ipi ya nani.

Binti yangu alisikia yote. Akaniuliza, "Mama, kwani huyo muzungu alikuwa na nini mule?"

"Hana kitu," nikamjibu. "Hata jina hakutupa."

Nimelia mpaka sauti imekauka. Wale wachimbaji nawalaani, lakini aliyewaonyesha njia ni mimi, kwa chokaa yangu. Enzi zetu unyasi mmoja ulikuwa fimbo. Furaha ameniuliza atawazikaje, nami nimemjibu: wazike pamoja, usiweke msalaba, usipake kitu. Acha nyasi ziote.