Maji ya Tabora Huchemka kwa Tisini na Sita

Sifuri yangu ya kwanza ya fizikia niliipata kwa kosa la kusoma kipimajoto vizuri. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya hapa hapa Tabora, bika moja la maji wanafunzi wanane, na tuliambiwa tuchemshe maji tuandike yamechemka kwa nyuzi ngapi. Kipimajoto kiligota kwenye tisini na sita. Nikaandika tisini na sita. Wenzangu saba walitazama kipimajoto kile kile wakaandika mia, kwa sababu kitabu kilisema mia, na kitabu hakijawahi kuchapwa fimbo. Mwalimu alinichorea sifuri nyekundu iliyojaza nusu ya ukurasa, akatangaza mbele ya darasa kwamba nikapimwe macho.

Siku hizi nina duka la steshenari mtaa wa Kanyenye. Mashine ya kopi ikiwa haijatafuna karatasi ya mtu, nachora. Michoro naipiga picha, naiunganisha kwenye simu, kisha naitia sauti kwa mtindo niliouiba kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, ambako jamaa mmoja alikuwa akitafsiri filamu za Kichina bila kujua neno moja la Kichina. Sisi wasichana hatukuruhusiwa kuingia, nikawa nasikiliza nje, sikio kwenye tundu la bati. Ndiyo maana mpaka leo nayajua maneno ya filamu chungu nzima na sijui sura ya mchezaji hata mmoja.

Video iliyonipa jina ilianza na kitabu kikuukuu nilicholetewa na mwanachuo nimtolee kopi. Nilikisoma huku mashine inanguruma. Nikakuta kwamba Wazungu wapelelezi waliopita huku na misafara walikuwa na desturi ya kuchemsha vipimajoto. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika mia. Kwa zile nyuzi zilizopungua wao walipiga hesabu wakajua wamepanda kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Nilikaa kitini. Miaka yote ile sifuri yangu ilikuwa jibu sahihi, na hasira niliyodhani nimeizika ikafufuka nzima nzima.

Basi nikachora. Mpagazi ametua sanduku la vipimajoto alilolibeba kichwani tangu pwani, anamwona bwana wake akiinjika sufuria na kutumbukiza kijiti cha kioo.

"Mwangaluka, bwana," anasalimia mpagazi kwa Kinyamwezi, kwa sauti yangu nzito ya kuazima. "Kimeiva?"

"Bado."

"Kinaliwa na ugali?"

Kisha mji ule ule, maji yale yale, miaka mingi baadaye: mwalimu mwenye masikio mapana kama vifuniko vya sufuria anamkemea binti aliyeandika namba ile ile. Nikamalizia kwamba Mzungu akisema tisini na sita ni sayansi, mtoto wa Tabora akisema hivyo akapimwe macho. Watu walicheka, wakatumiana. Binti yangu, aliye kidato cha nne, aliionyesha darasa zima, akatembea wiki nzima kifua mbele.

Sikutegemea mwalimu mwenyewe angeiona. Alikuja dukani na makaratasi yake ya kustaafu, amekonda, masikio yake ya kawaida kabisa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hivi masikio yangu ndivyo yalivyo?"

Nilikosa pa kuweka uso. Lakini nilikuwa nimeisubiri siku hiyo mno, nikamuuliza kama alijua.

"Nilijua," alisema. "Kila mwaka kipimajoto kilinionyesha. Lakini mwongozo wa kusahihisha uliandikwa na mtu anayechemshia chai yake ufukweni. Ningekuacha na tisini na sita yako, ungekwenda nayo mpaka kwenye mtihani wa taifa, ukafeli huko."

"Si ungetuambia, mwalimu, hata kwa kunong'ona?"

"Darasa la watoto arobaini na tano halinong'onezwi." Alipokea kopi zake, akazinyoosha. "Una mtoto?"

"Ninaye. Ana mtihani mwaka huu."

"Haya," alisema, akaondoka.

Jioni ile nilimcheka sana mbele ya majirani. Nikasema woga wa walimu ndio uliotufanya tuwe wapagazi mpaka leo: zamani tulibeba pembe kwenda pwani, sasa tunabeba majibu ya pwani kuyaleta huku. Walinipigia makofi. Nilijiona mjuzi.

Mtihani wa vitendo ulipobaki siku moja, binti yangu alikuja dukani na sare zake, akasimama ng'ambo ya kaunta.

"Mama, wakituchemshisha maji, niandike ngapi?"

Aliuliza akitabasamu, maana jibu alikuwa nalo tayari. Mimi nilimwona anarudia mwaka. Nilimwona akiuza peni hapa na mimi, yeye mwenye akili kunizidi.

"Andika mia," nilisema.

Tabasamu lilimtoka taratibu. "Lakini kwenye video..."

"Video ni video. Andika mia."

Aliomba karatasi na penseli, akakaa kwenye kibao pembeni huku mimi nikijifanya nahangaika na wino wa mashine. Alipoondoka aliiacha karatasi juu ya kaunta. Alikuwa amechora mwanamke nyuma ya mashine ya kopi, kiremba changu, miwani yangu, kila kitu mahali pake, na masikio yanagusa kingo zote mbili za karatasi.