Shokapu za Mchomoko

Kwa miezi mitano nilikaa ndani ya gari lisilokwenda popote. Nilikuwa nikitoka kazini Isaka, ambako nilikuwa karani wa mizigo, nashuka stendi ya Kahama, natembea hadi nyumbani, nafungua mlango wa gari lililoegeshwa uani, nakaa nyuma ya usukani na kujifungia. Chakula cha jioni nililetewa humo. Taarifa ya habari niliisikilizia humo. Joto likizidi niliteremsha kioo cha upande wa ukuta tu, kwa sababu upande wa pili ulitazama mlango wa jiko, na mlangoni pa jiko alikaa mama mkwe wangu.

Alikuwa ameletwa kwetu kutoka kijiji kimoja upande wa Songwa baada ya kuanguka na kuvunjika mguu. Hospitali ilikuwa karibu na sisi, binti yake ni mke wangu, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili. Shida ilikuwa nyumba. Sisi Wasukuma, mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawazungumzi ana kwa ana. Kijijini hilo si tatizo, maana kaya ni kubwa, kila mtu ana nyumba yake na njia yake ya kupita. Lakini sisi tulipanga vyumba viwili na sebule, na ili nitoke chumbani kwenda chooni lazima nipite sebuleni. Kwa hiyo nilikuwa nakohoa. Nakohoa, nasikia khanga zikipapatika, nasubiri kidogo, napita uso umeelekea ukutani kama mtu anayekagua rangi. Mwaka ule nilikohoa kuliko mgonjwa wa kifua.

Ndipo gari likawa sebule yangu.

Ni gari la Kijapani la michezo, milango miwili, fupi, pua ndefu. Lilitengenezwa nikiwa darasa la tano. Wekundu wake umepauka ukawa rangi ya tofali. Nililinunua kwa fundi mmoja wa mgodini, mgodi wa pale Buzwagi ulipofungwa na watu wakawa wanauza kila wasichoweza kubeba. Marafiki walinicheka kwamba nimenunua kiatu. Mimi nililitazama nikaona barabara. Tangu nimalize kidato cha nne, kabla ya Kahama, sikuwahi kukaa mji mmoja zaidi ya miaka minne. Nimekaa Geita wakati wa kuchimba, Katoro, Kigoma, Tunduma, na Mtwara kidogo. Mpaka leo nikinusa dizeli asubuhi na mapema nakumbuka mji ambao simo. Kahama nilikuwa nimemaliza mwaka wa sita.

Rafiki niliyewahi kupanga naye chumba Mtwara alikuwa amenipigia simu kwamba kuna kazi bandarini, niende. Nikaamua kwamba gari likipona tu, naondoka. Mke wangu sikumwambia. Nilijiambia nitamwita baadaye, yeye na watoto wetu wawili walioko shule ya bweni. Hata nilipoondoka Tunduma kulikuwa na mtu niliyejiambia nitamwita baadaye, na sikumwita.

Kilichonizuia ni shokapu. Zile nguzo fupi za chuma zenye mafuta ndani, zinazokaa kwenye kila tairi ili gari likiruka litulie, zilikuwa zimekufa zote nne kwenye barabara ya vumbi nilipotoka msibani upande wa Ushirombo. Tangu siku hiyo, ukivuka tuta moja gari liliendelea kuinama na kuinuka mita mia nzima, kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Kwenye mwendo mkubwa lilitafuta mtaro lenyewe. Mtwara ni mbali. Kwa hali ile nisingefika hata Nzega.

Fundi wangu alikuwa na gereji ya mabati nyuma ya soko. Zamani alikuwa mchimbaji Geita, na alikuwa akisema kazi ya shimoni ilimfundisha kujua kitu kilichochoka kwa kukishika tu. Alihangaika kutafuta spea mpaka siku moja ya Novemba akanipigia niende. Juu ya meza kulikuwa na seti mbili.

"Hizi fupi," alisema, "ndizo zake halisi. Zimetoka kwenye gari kama lako lililokatwakatwa Dar. Kamata, sukuma."

Nikaisimamisha moja chini, nikakandamiza fimbo yake kwa nguvu zote. Ikashuka polepole na kwa kiburi. Nilipoiachia ikapanda yenyewe bila kusita mpaka juu.

"Gesi bado imo," fundi akasema. "Ingekuwa imekwisha ingebaki chini kama ulimi wa mbwa. Ukifunga hizi, kwenye lami gari linashika barabara kama kupe. Ila lami tu. Ukiingia vumbi, kila jiwe utalihesabu kwa mgongo."

"Na hizo?"

"Hizi za mchomoko."

Mchomoko ndiyo yale magari madogo yanayobeba abiria kati ya miji yetu, watu wanane mahali pa watano, na mizigo juu. Shokapu zake zilikuwa ndefu zaidi, laini, zikishuka na kupanda bila haraka. Huku kwetu mafundi huzitia kwenye kila kitu.

"Nikikufungia hizi nakunyanyua hivi," akaonyesha kiganja kizima. "Unapita popote, mtu halalamiki mgongo. Lakini, mkubwa, kona sahau. Na kikombe cha juu, pale shokapu inaposhikia, lazima nikikate na grenda nichomelee kingine. Nikishakata nimekata. Zile fupi hazitaingia humo tena maisha."

"Nifungie fupi," nikasema, hata hakumaliza.

"Nilijua. Mwanaume mwenye gari la milango miwili hana mpango wa kubeba ukoo."

Tulikubaliana nilete gari Jumamosi. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikaingia garini, nikaegemeza kichwa. Siku tatu tu. Nilianza kuitembea barabara kichwani, Isaka, Tinde, Nzega, Singida, na kila mji nilikuwa namkumbuka mtu mmoja wa hapo.

Ndipo nikamsikia mama mkwe. Kwa wepesi ule nilikuwa nimeteremsha vioo vyote viwili, nikasahau kupandisha cha upande wa jiko. Alikuwa kwenye simu na mwanawe, akiongea Kisukuma kwa sauti kubwa, kama watu wa rika lake wanaoamini aliye mbali hasikii usipopiga kelele.

"Mguu? Mguu umepona tangu watu wanauza pamba! Natembea mpaka sokoni na kurudi. Sasa wenzangu wanalima, mimi nimekaa hapa naangalia sufuria." Akasikiliza. "Niondokeje? Nyumba ya nkwilima huwezi kutoka kama mwizi, na mimi siwezi kumwuliza. Nikimwuliza binti yangu anasema gari halina shokapu. Kila wiki, gari halina shokapu. Wewe unajua shokapu ni nini? Eeh. Na mimi sijui. Mimi nakaa jikoni, yeye anakaa garini, kama kuku wa matenga mawili."

Nkwilima ni mimi, mkwe wa kiume.

Nilibaki nimeshika usukani. Kila wiki, mimi pia, mke wangu alikuwa ananiambia kwamba daktari amesema mama asisafiri bado. Nilikuwa nimemwamini. Ningemwuliza nani mwingine? Kila neno kati yangu na mama mkwe lilipita mdomoni mwa mke wangu, na yeye alikuwa ameyashika yote miezi mitatu hivi. Sikuhitaji kuambiwa kwa nini. Mwanaume haondoki akamwacha mama mkwe mgonjwa nyumbani kwake. Mke wangu alikuwa amejua nitaondoka, na alikuwa amemtumia mama yake kama jiwe unaloweka nyuma ya tairi.

Sikumwuliza. Ningemwuliza, na yeye angeniuliza.

Usiku huo nilipanga hivi na vile. Ningeweza kumkodia mama mkwe mchomoko mzima, akaenda kwao, na Jumamosi nikafunga zile fupi nikaishika lami. Ilikuwa rahisi kabisa. Lakini niliwaona ndugu zake wakimpokea, wakitazama nyuma yake, wakimwuliza nkwilima yuko wapi, na gari lake je. Nikamwona yeye akiwa hana la kujibu, baada ya miezi mitano ya kujifunika khanga kila nikikohoa. Tena nikamsikia akisema kuku wa matenga mawili. Tenga moja likifunguliwa kwa gari la kukodi na mimi nikatoka kwa langu, kuna kitu kingekuwa cha aibu, hata kama nisingeweza kumweleza mtu ni kitu gani.

Jumamosi fundi alishangaa.

"Juzi fupi, leo ndefu. Umeongeza mke?"

"Nampeleka mama mkwe kwao, upande wa Songwa."

Akaweka spana chini. "Mkweo? Kwenye hili? Atapitia wapi, dirishani?"

"Kiti cha mbele kinalala."

"Mkodie mchomoko, bwana."

"Si ndiyo unanifungia?"

Akacheka mpaka akakaa kwenye tairi. Kisha akanitazama vizuri. "Nikikata, nimekata. Nilikwambia."

"Kata."

Sikuweza kusimama pale. Nilivuka barabara nikanunua muwa, nikautafuna huku nasikiliza grenda.

Jumapili, kabla jua halijakolea, tulipakia. Mimi nilisimama nyuma ya nyumba nikitazama ukuta wa jirani. Nilisikia mke wangu akilaza kiti, nikamsikia mama yake akiguna na kumwambia Mungu jambo fulani, halafu honi ikalia mara moja. Hapo nikaja, macho chini, nikaingia. Mke wangu alikuwa amekaa mbele, kando yangu, na kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma alikuwa amekigeuzia juu. Kilitazama dari. Niliendesha kutoka Kahama hadi Songwa bila kujua nini kiko nyuma yangu.

Gari lilikuwa tulivu ajabu. Tulipoacha lami baada ya Maganzo nilisubiri kelele za zamani, sikuzisikia. Lilielea juu ya mashimo.

"Mwambie mwenye gari," sauti ikasema nyuma ya kisogo changu, "halinipigi mgongo."

"Mama anasema halimpigi mgongo," mke wangu akasema.

"Nimesikia."

"Husikii mpaka nikwambie."

Nyuma mama mkwe akacheka kwa pua. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Tulifika kwao vifusi vyeupe vya mgodi wa almasi vikionekana kwa mbali. Nilishuka nikaenda kusimama kwenye zizi la ng'ombe mpaka aliposhushwa. Watu walikuja wakalizunguka gari, mtoto mmoja akapita chini yake karibu wima. Nilipewa uji, nikapewa jogoo aliyefungwa miguu. Tulipokuwa tunaaga, mama mkwe alisimama ndani ya mlango, amenipa mgongo, akamwambia binti yake, na mimi nilikuwa hatua tano:

"Mwambie nkwilima atafute dawa ya kikohozi. Amekohoa sana kwangu."

Mke wangu akaanza kunirudia maneno yale, akashindwa kumaliza kwa kucheka.

Tukarudi. Baada ya Shinyanga barabara ni nyoofu na nzuri, nikakanyaga mafuta. Nilitaka kujua tu. Tulipofika kwenye kona moja, mwendo haukuwa mkubwa sana, gari likalala ubavu kama baiskeli iliyopakia gunia la pamba, jogoo akapiga kelele kule nyuma, mke wangu akashika mlango. Nikaachia. Likajirudisha taratibu, likayumba upande wa pili, likatulia. Sikujaribu tena.

Tinde nilisimama pembeni, malori yakapita. Ukinyoosha ni Nzega, na baada ya Nzega ni kote nilikokupanga. Ukikata kulia ni Isaka na Kahama.

"Ulikuwa unakwenda Mtwara," mke wangu akasema. Alikuwa anatazama mbele.

"Nani amekwambia?"

"Unaongea na simu garini kama vile vioo ni ukuta. Mama alipona siku nyingi."

"Najua."

"Nani amekwambia?"

"Yeye. Kioo kilikuwa wazi."

Akageuka akanitazama, na sikujua kama angelia au angecheka. Lori la makontena likapita, gari letu likatikisika kidogo kwa upepo wake, likaendelea kutikisika baada ya lori kwenda. Nilijaribu kufikiria Singida, ile milima ya mawe, nikaona tu kona. Nikawasha taa ya kulia.

Tulifika Kahama saa kumi. Niliegesha mahali pale pale, na kwa urefu wake mpya gari likaziba dirisha la jiko. Kioo cha ndani bado kilikuwa kinatazama dari. Niliteremka na jogoo, nikatangulia kwenye mlango wa mbele, ambao sikuwa nimeupita kwa uhuru tangu wakati wa kuvuna. Nikashika kitasa. Nikakohoa. Kisha nikasimama pale, nasubiri.

Mke wangu alikuja na begi akasimama nyuma yangu.

"Ingia basi," akasema. "Ni kwako."