Hatua Tisini Kutoka Ukingoni

Mimi ni mwanamke mtu mzima, nina duka la steshenari pale Kibaoni, Ifakara, na nacheza gemu. Mkitaka kucheka chekeni kabisa, mkimaliza tuendelee. Wateja wanaokuja kutoa kopi za vyeti wananikuta nimeshika kipanya, macho yamezama kwenye skrini, wanadhani nafanya kazi ya maana. Siwasahihishi.

Gemu lenyewe linahusu dunia baada ya watu kuondoka. Huko mbele kabisa wanadamu wamehamia sayari nyingine, na wewe unarudishwa peke yako kuja kupima ardhi iliyobaki. Hupigani na mtu. Unatembea, unapima, unasikiliza upepo. Kila eneo lina namba tu, kwa sababu majina yamesahaulika. Waliolitengeneza hawakuitoa ardhi hiyo kichwani. Walichukua picha za zamani za setilaiti, wakafuta miji, wakafunika barabara kwa majani, wakaacha milima na mito kama ilivyo. Basi sisi wachezaji tuna kundi letu mtandaoni, watu wa nchi mbalimbali, na kazi yetu ni kubishana: eneo namba fulani, kwa leo hii, ni wapi duniani?

Eneo la Kumi na Saba lilikuwa limewashinda. Wengine walisema ni Amerika ya Kusini, wengine Asia. Mimi nilifika huko alasiri moja mvua ikinyesha, wateja hakuna. Nikaona milima imenyooka kama ukuta upande mmoja, bonde pana tambarare, mto unaogawanyika vijito vingi na kukutana tena, na chini ya milima tuta refu la reli lililomezwa na msitu. Milima ile nimeiona kila asubuhi tangu nimezaliwa. Nikapiga kelele peke yangu dukani: "He! Si kwetu huku!"

Nilifurahi kwa dakika tano hivi. Halafu nikatembea mpaka Ifakara. Hakuna kitu. Nikakadiria kutoka relini, nikafika pale ambapo kwa hesabu zangu ndipo lilipo duka langu, ndipo kilipo kiti nilichokalia. Majani yalifika kiunoni. Upepo ulikuwa unavuma kutoka milimani, na hapakuwa na sauti nyingine yoyote. Niligeuka nikachungulia mlangoni kuhakikisha barabara bado ipo. Ilikuwepo, na vijana wa bodaboda walikuwa wanabishana mambo ya mpira. Sijawahi kufurahia kelele zao kama siku ile.

Ningeishia hapo kama si mama. Mwaka ule mama yangu alikuwa anaumwa. Ni moyo, walisema hospitali, na miguu ilikuwa imevimba hata kandambili hazimtoshi. Nilimhamishia kwangu. Ombi lake lilikuwa moja tu, na alilirudia kila asubuhi akinywa uji: "Mimi mnizike kwa baba yenu. Ubavuni kwake. Nimelala peke yangu miaka ya kutosha."

Baba alifia shamba. Watu wa kwetu, msimu wa mpunga ukianza, wakubwa wanahama nyumba. Wanavuka vijito kwenda mashamba ya mtoni, huko chini ya kijiji cha Mbingu, wanajenga vibanda, wanalima na kuamia ndege wasile mpunga, huko huko mpaka mavuno. Watoto tunabaki kwa bibi ili tusome. Nilikuwa darasa la tatu. Homa ilimkamata baba katikati ya masika, vijito vyote vimefurika, ikawa hakuna namna ya kumfikisha hospitali. Alipokata roho ikawa hakuna namna ya kumrudisha nyumbani. Mdogo wake, baba yangu mdogo, alimzika pale pale akisaidiwa na majirani wa shamba, mama akiwepo. Sisi watoto tuliletewa habari baada ya siku sita. Hilo linaniuma mpaka leo, siwezi kudanganya.

Msalaba wa mti aliouweka baba mdogo ulichukuliwa na mafuriko ya mwaka uliofuata. Hakuhangaika, maana alikuwa na kipimo chake. Kwetu kila kitu kinapimwa kwa mto. Ukiulizia shamba la mtu utaambiwa liko juu ya mto, chini ya mto, au hatua kadhaa kutoka ukingoni. Naye alikuwa amepima: simama ukingoni pale kwenye kona, upe mto mgongo, elekea milimani, hatua tisini. Kila kiangazi, mpunga ukishavunwa, tulikwenda. Yeye alihesabu, sisi tukamfuata kimya. Akifika tisini anasimama, tunafyeka majani, tunafagia, mama anachomeka maua ya plastiki, tunasali, tunarudi. Pale hapana mti wala jiwe, ni matete tu na udongo mweusi ambao kila masika unafunikwa na mwingine. Maua ya mwaka uliopita hatukuyakuta hata siku moja. Tulisema maji yamechukua.

Kwa hiyo siku moja, mama amelala, nikaingia kwenye gemu kwenda kumtembelea baba. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mle ndani sikuhitaji nauli wala kuvuka matope. Nikashuka kutoka relini kuelekea mtoni, nikaitafuta kona yetu. Haikuwepo. Mto wenyewe haukuwepo mahali pake, ulikuwa kule mbali kusini, unapita kwenye ardhi ambayo mimi naijua kuwa ng'ambo. Nikapandwa na hasira. Nikaandika kwenye kundi kwa herufi kubwa kwamba waliotengeneza gemu hili ni wazembe, kwamba mimi nimezaliwa hapa na mto haupiti huko.

Akanijibu mtu mmoja wa nchi ya theluji, kwa upole tu. Alisema mimi naujua mto wa leo, lakini picha zilizotumika ni za zamani sana, na mito ya mabondeni huhama. Nikamwandikia maneno ya kejeli, kwamba nashukuru kwa kunifundisha kwetu. Halafu nikayafuta kabla sijayatuma.

Jamani. Mto unakula ukingo, nani kwetu asiyejua hilo? Tumeona mashamba ya watu yakiondoka na maji, mpunga ukiwa umeshachanua. Lakini kwetu sisi hatua tisini zilikuwa hatua tisini, na ukingo ulikuwa ukingo. Kila mwaka mto ulisogea kaskazini kidogo, nasi tukasogea nao, na kaburi la baba tukalisogeza kwa fagio. Miaka yote ile tulikuwa tunafagia mahali papya. Mama alikuwa anaongea na mumewe, anamweleza habari za watoto na mavuno, na chini ya magoti yake hapakuwa na mtu.

Kesho yake nilikwenda kwenye ukingo wa zamani, ule wa kwenye gemu. Kona ilikuwepo, vile vile alivyokuwa akiieleza baba mdogo ilivyokuwa mwaka ule wa msiba, na mwalo mdogo wa kuegesha mitumbwi ambao mimi sijawahi kuuona kwa macho. Nikaupa mto mgongo. Gemu lina kipimo cha umbali, nikaenda kiasi cha hatua tisini za mtu mzima, nikasimama. Majani. Ndege mmoja asiyeonekana analia. Niliogopa kumgeuza yule mpimaji wangu aangalie nyuma. Mchana kweupe, duka liko wazi, naogopa kugeuka! Nilihisi kuna mtu nyuma yake amesimama kimya, kama mwenye shamba anavyomtazama mgeni aliyepita bila hodi. Nikasema kwa sauti, "Shikamoo baba."

"Marahaba," akaitikia mtu.

Niliruka mpaka kiti kikaanguka. Alikuwa mzee mmoja mlangoni, ameleta fomu ya kutoa kopi. Nilimtolea kopi tatu badala ya moja na sikumdai.

Sasa nilikuwa na kazi. Ikiwa mama anataka kulala ubavuni kwa baba, ilikuwa lazima nijue mahali pale ni wapi kwa leo, na siku za mama zilikuwa zinakwisha. Nilichukua vitu viwili ambavyo havihami, daraja la reli na kilele kimoja chenye pengo. Nikapima umbali kutoka vyote viwili kwenye gemu, nikauhamishia kwenye ramani ya simu, nikarudia mara nne mpaka alama ikaacha kuchezacheza. Nikamwambia mama naenda Mbingu kuangalia kaburi. Akasema, "Mwambie najiandaa."

Baba mdogo nilimkuta anashona nyavu zake uani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona ghafla, kuna heri?"

Nilipomweleza alikasirika sana. Akazitupa nyavu chini. "Unanifundisha kaburi la kaka yangu? Mimi niliyemshusha kwa mikono hii?"

"Sijaja kubishana, baba. Twende tukaone."

Akatangulia, nikamfuata. Tulipita pale tunapofagia, simu ikaonyesha bado. Tukafika ukingoni, bado. Alama ilikuwa mbele yetu. Baba mdogo akautazama mto, akanitazama mimi, akaenda kufungua mtumbwi wake. Tuliingia majini polepole, mimi nimeshika simu kwa mikono yote miwili, mpaka ile nukta ya buluu ikakaa juu ya alama yangu. Nikasema, "Ni hapa."

Akachomeka pondo, ile fimbo ndefu ya kusukumia mtumbwi. Ikaenda yote, mpaka maji yakamfika kwenye kiwiko, na haikugusa chini. Akajaribu pembeni kidogo. Ikaenda yote. Hapo hapakuwa na haja ya kuelezana. Ukingo ukiliwa, kila kilichomo ndani yake kinaondoka nao. Baba hakuwa chini ya yale maji. Baba hakuwa popote.

Baba mdogo akakaa, akauacha mtumbwi uende na maji. "Nimempoteza kaka," akasema, na akalia, mzee yule, machozi yanaingia kwenye ndevu. Na mimi, na huu mdomo wangu, nikamwambia, "Miaka yote hii hukuweza kuleta hata jiwe moja?" Akaugeuza mtumbwi kurudi ukingoni. Natamani ningekuwa nimeyameza yale maneno. Tulipofika nchi kavu alisema kitu kimoja tu: "Mama yako asijue."

Njia nzima ya kurudi Ifakara nilijifunza namna ya kumwambia ukweli. Mimi si mtu wa kuficha mambo, wote wanaonijua wanalijua hilo, wengine limewaumiza. Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka barazani, amejifunga kanga mpya, ananisubiri.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta, mama."

"Pakavu?"

"Pakavu. Pazuri kabisa."

Akashusha pumzi ndefu. Akaomba ugali, yeye ambaye wiki nzima alikuwa hapitishi zaidi ya uji. Nilisonga huku nalia, nikasingizia moshi.

Mama aliondoka duniani kabla mvua hazijaanza, kwa hiyo njia ilipitika na hatukuwa na kisingizio. Vijana wa Mbingu walitangulia kuchimba pale tunapofagia, na kwa kuwa mimi ni wa kwanza kuzaliwa niliitwa nikaonyeshe ubavu upi. Nilionyesha. Walikuwa vijana wenye adabu. Upande wa kushoto, ule niliowaambia ndiko alikolala baba, waliweka majembe chini, wakawa wanakwangua udongo kwa vidole, taratibu, wasije wakamgusa. Baba mdogo alisimama amegeukia mtoni. Baada ya muda mmoja wao alinyanyua kichwa kutoka shimoni, jasho linamtiririka.

"Samahani mama," akaniambia. "Tunaona kama tumembana mzee. Tusogee kidogo?"

Nilitaka kupiga yowe. Nilitaka kuwaambia wachimbe popote wanapotaka, kwamba mwanamke huyu atalala peke yake kama alivyolala miaka yote, na mimi ndiye niliyemdanganya. Baba mdogo hakugeuka.

"Sogeeni kidogo," nikasema.

Wakasogea hatua moja, wakamwachia nafasi.