Mkono wa Kulia wa Chacha

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile kule kisiwani Remba watu walipomzunguka Chacha wakitaka kumtupa majini. Nilikuwa msichana wa kuanika omena, dagaa wa ziwani, na nilisimama mbele kabisa, napiga kelele kuliko wanaume. Usinitazame hivyo. Mimi ni mtu wa kushuku tangu kuzaliwa. Mpaka leo ukiniletea sukari nainusa kwanza.

Chacha alitoka Ntimaru kutafuta kazi, Mkuria peke yake kati yetu Wajaluo, mwembamba, kasia likimshinda. Wakamkalisha mashuani karibu na kaka yangu Ouma. Miezi ikapita, bega la Chacha likajaa mpaka shati likambana. Ouma naye, aliyekuwa dume la mashua, akakonda hadi suruali anaifunga kwa kamba. Tungefikiria nini? Nguvu zimehamishwa kwa uchawi! Kuna walioapa kwamba walimwona akimgusa Ouma usingizini. Yawa, niliamini kila neno. Ndugu yangu alikuwa anaisha mbele ya macho yangu na nilitaka mtu wa kulaumu.

Dani, bibi yangu mzaa baba, ndiye alikuwa akiwapikia wavuvi. Akaja na mwiko mkononi.

"Vua shati," akamwambia Chacha. "Inua mikono yote miwili."

Chacha akainua. Mkono wa kulia ulikuwa umejaa misuli. Wa kushoto haukuwa umebadilika sana tangu aje.

"Dawa gani hii inachagua mkono?" Dani akauliza. "Anapiga kasia upande gani?"

Sote tulijua ni wa kulia. Kwetu nafasi ya mtu mashuani haibadilishwi; ukianzia upande mmoja, unazeekea huko. Nikaona wanaume wanajitazama mikono yao kwa kuibia.

"Huyu amejengwa na kazi, na ugali wangu, sahanini haachi kitu," akasema. "Ouma anasukuma chakula kando, anakohoa, na nyinyi mnatafuta mchawi! Mpelekeni hospitali!"

Aliyeshika kasia kumvusha Ouma alikuwa Chacha. Nilikaa nyuma yake safari yote, namchunga, bado simwamini. Hospitalini wakakuta kifua kikuu. Ouma akameza dawa mpaka akapona.

Daktari alinieleza jambo la Chacha vizuri. Misuli ukiibebesha zaidi ya ilivyozoea, inachanika kidogo kidogo. Ukila na kulala, mwili unaishona tena na kuiongezea unene. Ukiacha kuitumia, inanywea.

Sasa nasikia unanyanyua vyuma huko Suna, na kuna kijana amekuuzia unga kwenye karatasi isiyo na jina, eti utafura haraka. Huo ndio wa kushuku, mwanangu! Utupe. Ongeza uzito polepole, kula samaki na maharagwe, lala ushibe usingizi, na mkono mmoja usiupendelee. Na mwenzako akinawiri wakati wewe unakonda, usimtafutie ubaya. Nenda ukapimwe.

Mungu akujalie nguvu za jasho lako. Na siku watu wakikuzunguka, akuletee mmoja wa kuuliza swali kabla hawajakutupa.